Maandishi Yanayofungua Programu: Mhadhara kuhusu Hati za Amri katika Kompyuta ya Mezani

  Mada yangu, kwa kuitazama juu juu, ni ndogo mno kupewa jioni nzima. Naamini si ndogo, na nitajitahidi kuonyesha kwa nini.

Nia yangu ni kuzungumzia hati ya amri. Ni faili la maandishi matupu ambalo ndani yake mtu ameandika, mstari mmoja baada ya mwingine, yale anayotaka kompyuta iyafanye, na mara nyingi anachotaka ni kufunguliwa programu fulani kwa mpangilio fulani. Katika Windows jina la faili hilo huishia na .bat au .cmd. Ukilibofya mara mbili, kompyuta husoma mstari wa kwanza na kuutekeleza, kisha wa pili, hadi mwisho.

Dai langu ni moja. Hati ya amri ni maandishi, na kwa sababu ni maandishi, kila mfanyakazi anayetumia kompyuta anaweza kuisoma, kuirekebisha na kumrithisha anayemfuata kazini. Katika ofisi zetu tumekuwa tukilitazama faili hili kama mali ya fundi. Fundi akihama, nalo hubaki kwenye skrini likiwa halina mwenyewe: watu wanalibofya kila asubuhi bila kujua linafanya nini, na siku likigoma hakuna wa kuuliza. Hali hiyo inaweza kubadilika, na haihitaji fedha.

Hoja ya kwanza ni ya historia, nami nitaipita kwa haraka. Wazo hili lilianza wakati kompyuta moja ilijaza chumba. Katika chuo cha MIT huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kulikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mfaransa Louis Pouzin, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alichoka kuandika amri zilezile kila siku. Akatunga programu aliyoiita RUNCOM, ambayo ilisoma amri kutoka kwenye faili na kuziendesha kwa zamu. Wale kati yenu wanaotumia Linux wana faili liitwalo .bashrc; herufi mbili za mwisho, rc, zinatokana na RUNCOM hiyo. Pouzin alirudi Ufaransa, na katika miaka ya 1970 akaongoza mradi wa mtandao wa CYCLADES, ambao mawazo yake yaliingia katika misingi ya intaneti ya leo.

Kwa njia ya Unix wazo hilo lilikua. Mwaka 1979 Unix ya toleo la saba ilitoka na mfasiri wa amri, yaani programu inayosoma amri na kuzitekeleza, aliyeandikwa na Stephen Bourne, na mwaka 1989 Brian Fox akatoa bash kwa ajili ya mradi wa GNU. Upande wa pili, IBM ilizindua kompyuta yake binafsi Agosti 1981 ikiwa na mfumo wa DOS. Wenye umri wangu mtakumbuka AUTOEXEC.BAT, faili lililosomwa kila kompyuta ilipowashwa. Wengi waliandika neno win katika mstari wake wa mwisho, ili Windows ifunguke yenyewe. Windows NT ilipotoka mwaka 1993 ilikuja na mfasiri mpya wa amri, cmd.exe, na huyo ndiye anayesoma faili zetu za .bat hadi leo. Kwa hiyo mnapojifunza hati ya amri mnajifunza kitu kilichodumu zaidi ya miaka thelathini bila kubadilika sana. Katika fani hii, vitu vya namna hiyo ni vichache.

Hoja ya pili ndiyo nitakayokaa nayo muda mrefu, kwa sababu ndipo watu wengi hukwama na kukata tamaa. Inahusu kusubiri.

Chukueni mfano wa ofisi ya mhasibu wa shule. Kila asubuhi anafungua daftari la mapato katika Excel, anafungua folda ya barua, na anafungua orodha ya kazi za siku. Hati yake inaweza kuwa hivi:

@echo off
rem Hufungua vifaa vya kazi vya asubuhi
cd /d "%~dp0"
start "" "Mapato.xlsx"
start "" "Barua"
start "" notepad.exe "Orodha ya leo.txt"

Mistari sita tu. Wa kwanza unaiambia kompyuta isirudie kuonyesha kila amri kwenye skrini. Wa pili, unaoanza na rem, haufanyi chochote. Ni maelezo ya msomaji, nami nitaurudia. Wa tatu nitaueleza katika hoja inayofuata. Mitatu iliyobaki ndiyo inayofungua.

Sasa, kwa nini pawepo neno start? Kwa nini asiandike tu notepad.exe na jina la faili? Anaweza, na Notepad itafunguka. Lakini ndani ya hati, mfasiri wa amri akifungua programu bila start, husimama hapohapo mpaka programu hiyo ifungwe. Ni sawa na mzazi anayemtuma mtoto dukani kisha akasimama mlangoni, hafanyi kazi nyingine hadi mtoto arudi. Mhasibu wetu angeanza na Notepad bila start, daftari la mapato lisingefunguka hadi aifunge Notepad. Angedhani faili limeharibika, kumbe lingali linasubiri. Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba ukiandika amri hiyohiyo kwa mkono wako katika dirisha jeusi la amri, mfasiri hasubiri. Tabia ni mbili: moja ya dirishani, nyingine ya ndani ya hati. Mtu akijaribu amri dirishani ikafanya kazi, kisha akaiweka katika hati ikagoma, asijilaumu. Mfumo wenyewe ndivyo ulivyotungwa.

Kuna mtego wa pili katika start, nao umewapotezea vijana wengi muda. Naomba mnaoandika mniwahi hapa. Neno la kwanza lililowekwa ndani ya alama za nukuu baada ya start huchukuliwa kuwa kichwa cha dirisha, wala si jina la programu. Kwa hiyo mtu akiandika start, kisha jina la programu yake ndani ya nukuu, kompyuta haitaifungua programu hiyo. Itafungua dirisha jeusi tupu ambalo juu yake pameandikwa jina la programu. Ndiyo sababu katika mfano wangu kuna nukuu mbili zisizo na kitu kati yake. Zile ni kichwa kitupu, kilichowekwa makusudi ili nukuu zinazofuata zieleweke kuwa ni jina la faili. Ukijua hilo, umeshaliondoa tatizo.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo kusubiri ndiko tunakotaka. Jioni mhasibu anataka kuchukua bakapu ya daftari lake kwenye flashi, lakini baada tu ya programu fulani kumaliza kuandika ripoti. Hapo anaandika start na kuongeza /wait, na mstari wa kunakili haufiki zamu yake hadi programu ile ifungwe. Lakini jihadharini na vivinjari. Kivinjari kikiwa tayari kimefunguliwa, kile kipya unachokiita hukabidhi kazi kwa kile cha zamani na kujifunga mara moja, hivyo hati yako huona kazi imekwisha na kusonga mbele.

Na hati ikiita hati nyingine? Hapo tumieni call. Bila neno hilo, mfasiri huhamia katika hati ya pili na harudi tena kwenye ya kwanza. Mistari iliyobaki haitekelezwi, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaoonekana. Kwa maoni yangu, huko kunyamaza ndiko kubaya zaidi katika mfumo mzima. Kosa linalopiga kelele hurekebishwa siku ileile. Kosa linalonyamaza hugunduliwa mwisho wa mwaka, wakati mkaguzi anaomba nakala ambazo hazikuwahi kuchukuliwa.

Hoja ya tatu inahusu mahali. Hati ya amri daima imesimama katika folda fulani, na majina ya faili yasiyo na njia kamili hutafutwa kutoka hapo iliposimama. Wengi hudhani hati husimama katika folda ilimohifadhiwa. Ukiibofya mara mbili kwa kawaida huwa hivyo, lakini ukiiendesha kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta hujikuta imesimama katika folda ya System32, ndani kabisa ya Windows. Hapo hakuna Mapato.xlsx. Ndiyo kazi ya mstari wa tatu katika mfano wangu: alama zile za ajabu, %~dp0, maana yake ni diski na folda iliyomo hati hii yenyewe, na amri ya cd inaiamuru hati isimame hapo kwanza. Ile /d ni lazima, kwa sababu bila hiyo cd haitoki diski moja kwenda nyingine.

Mstari huo una faida kubwa kwa mazingira yetu, ambako kazi nyingi husafiri kwenye flashi. Flashi ileile kwenye kompyuta hii itaitwa E:, kwenye ile itaitwa F: au G:. Aliyeandika E: ndani ya hati yake atashindwa mara tu atakapohamia meza ya jirani. Aliyeanza na mstari huu atafanya kazi popote, mradi faili zimekaa pamoja na hati.

Jambo jingine la mahali, ambalo walimu wa kompyuta watalitambua: mfasiri wa amri akipewa jina tupu la programu, huitafuta kwanza katika folda aliposimama, kisha ndipo anaangalia orodha ya folda iitwayo PATH. Mwanafunzi anataka kupima mtandao kwa amri ya ping. Anaandika ping ndani ya hati, na hati yenyewe anaiita ping.bat. Akiibofya, hati inatafuta ping, inajikuta yenyewe, inajiendesha upya, inatafuta ping tena, na kadhalika bila kikomo hadi mtu aifunge. Dawa ni kuipa hati jina ambalo si la amri yoyote. Hapo Kiswahili kinatusaidia bila gharama: pima_mtandao.bat haiwezi kugongana na chochote kilicho ndani ya Windows.

Hoja ya nne ni hatari, nami siwezi kuipita nikiwa mbele ya watu wanaotunza fedha na taarifa za wengine.

Mwezi Mei mwaka 2000 barua pepe yenye kichwa cha habari cha mapenzi ilisambaa duniani kutoka Ufilipino. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kilikuwa hati ya amri iliyoandikwa kwa VBScript. Kwa kuwa Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili, watu waliona .TXT tu, wakadhani ni barua, wakabofya. Hati ikafuta na kubadilisha mafaili yao, kisha ikajituma kwa kila mtu aliyekuwa katika kitabu cha anwani. Mamilioni ya kompyuta yaliathirika kwa muda wa siku chache. Nataka mkumbuke kwamba faili lile lilikuwa maandishi matupu. Mtu yeyote aliyelifungua kwa Notepad badala ya kulibofya angeona wazi kwamba si barua.

Miaka michache baadaye likaja janga ambalo ofisi na vyuo vyetu vinalijua vizuri, la virusi vya flashi. Faili dogo la autorun.inf lilikaa ndani ya flashi na kuiambia Windows programu ya kuendesha. Virusi vya Conficker, vilivyoonekana mwishoni mwa mwaka 2008, vilitumia njia hiyo pamoja na nyingine. Flashi moja ilizunguka kutoka duka la kuchapa hadi maabara ya kompyuta hadi ofisi ya mkuu wa shule, ikiambukiza kila ilipochomekwa. Microsoft iliibana tabia hiyo ya flashi katika Windows 7, na Februari 2011 ikasambaza marekebisho kwa matoleo ya nyuma yake.

Linux ilichukua njia tofauti tangu mwanzo. Huko, faili halitekelezwi kwa sababu tu jina lake linaishia na herufi fulani. Lazima mwenyewe alipe ruhusa ya kutekelezwa, kwa amri ya chmod. Ni hatua moja ya ziada, lakini inamlazimisha mtu afikiri. Katika Windows hatua hiyo inabidi tuiweke sisi wenyewe kwa mazoea. Washeni maonyesho ya herufi za mwisho za majina ya mafaili. Hati mnayoletewa na mtu, hata awe rafiki, msiibofye kwanza. Bofyeni kitufe cha kulia cha kipanya, chagueni kuhariri, muisome. Mkikuta mstari msioujua, ulizeni.

Hata hati njema inaweza kuumiza. Amri ya robocopy ni hodari kwa bakapu, lakini ikiongezewa /MIR hufanya folda ya pili ifanane kabisa na ya kwanza, yaani hufuta katika ya pili kila kisichokuwamo katika ya kwanza. Mtu akipanga majina kinyume, flashi tupu ikatangulia na folda ya kazi ikafuata, folda ya kazi itafutwa yote. Nashauri anayeanza asiiguse /MIR mpaka aizoee. Na nywila zisiandikwe kamwe ndani ya hati. Nimesema tangu mwanzo kwamba hati ya amri inasomeka na kila mtu, na wezi wamo katika kila mtu.

Hoja yangu ya tano ni fupi, lakini ndiyo iliyonisukuma kukubali mwaliko huu. Hati za amri zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili kwa kiwango kikubwa kuliko tunavyodhani. Maneno ya amri yenyewe hatuyabadilishi, lakini majina ya mafaili ni yetu, maelezo ya rem ni yetu, na ujumbe unaotokea kwenye skrini kwa amri ya echo ni wetu. Hati inaweza kumwambia karani: Chomeka flashi ya bakapu, kisha bonyeza kitufe chochote. Tena tuna bahati ambayo wengine hawana. Wafaransa na Wajerumani wameteseka na dirisha la amri kwa miaka mingi kwa sababu herufi zao zenye alama hutokea zimeharibika, kwa kuwa dirisha hilo lilirithi seti za herufi za zamani. Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida za Kirumi, na hata ng' yetu huhitaji alama iliyopo tayari kwenye kila kibodi. Tunachoandika ndicho kinachoonekana.

Basi mistari ya rem ijazwe. Ieleze hati ni ya kazi gani, iliandikwa lini, inagusa folda zipi, na ikigoma pa kuanza kuangalia ni wapi. Karani mpya akifika, asome kwa lugha yake. Binafsi naona ofisi ambayo hati zake zina maelezo hayo imefanya kazi ya ukabidhi vizuri kuliko ile iliyoandika ripoti ndefu ya kurasa hamsini isiyofunguliwa na mtu.

Ndugu zangu, mbele yetu kuna mabadiliko. Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba VBScript inaelekea kuondolewa katika Windows, kwa hiyo ofisi zenye hati za .vbs zianze kuzihamisha sasa. PowerShell, mfasiri mwingine wa amri, iliyotoka mwaka 2006 na tangu mwaka 2016 ikapatikana kwenye Linux na Mac pia, ina uwezo mkubwa zaidi na ina tahadhari: katika kompyuta za kawaida za Windows haiendeshi hati mpaka iruhusiwe. Wenye hamu wajifunze. Kwa kazi ya kufungua programu tatu asubuhi, .bat bado inatosha, na naona hakuna haja ya kuihama kwa sababu ya kuwa ya zamani.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba leo programu za akili unde zinamwandikia hati yeyote anayeomba. Kijana anaeleza anachotaka, anapewa mistari ishirini, anaibandika katika Notepad na kuibofya. Nyingine hufanya kazi vizuri, nyingine zina njia za folda zisizokuwepo, nyingine zina amri ya kufuta ambayo hakuiomba. Kwa hiyo ustadi wa kuandika unaweza kupungua thamani, lakini ule wa kusoma umepanda, na ndio ninaoomba ufundishwe. Walimu wa sekondari na wa vyuo vya ufundi, wapeni wanafunzi hati zilizokwisha kuandikwa, ziwe nzuri na mbovu, wawaeleze ninyi kila mstari unafanya nini kabla ya kuruhusiwa kugusa kipanya.

Kwa upande wangu nimezungumza na wakutubi, nao wamekubali kututengea meza na kompyuta moja hapa maktabani. Anayefanya kazi katika ofisi yenye hati asiyoielewa, aombe kwanza ruhusa ya mkuu wake, kisha aichapishe kwenye karatasi, afute majina na namba za siri, ailete. Tutaisoma pamoja mstari kwa mstari, na atarudi kazini na nakala yenye maelezo ya Kiswahili kamili. Wa kwanza wakiwa wahasibu wa shule nitafurahi, kwa kuwa mwisho wa muhula unakaribia na bakapu zao ndizo nisizokuwa na uhakika nazo.

 Maswali nayakaribisha, na wenye hati mifukoni tayari waanze.